Makopo ya kalsiamu usiyanunue kwanza

Mwanangu Rehema,

Umeuliza kama umpe msafiri wa mwezi ujao makopo mawili ya vidonge vya kalsiamu, moja la bibi yako na moja la magoti yangu, na wewe unayenyonyesha ubaki na la tatu. Usinunue bado. Mifupa ya mtu wa miaka 79, wa 58 na wa 31 haidai kitu kimoja, na huyo uliyempakata ndiye mwenye dai la haraka.

Maziwa yako yanamtosha kwa karibu kila kitu, lakini vitamini D humo ni haba, na bila vitamini D kalsiamu haifyonzwi vizuri. Huko Birmingham, kuanzia Oktoba hadi Machi jua halina nguvu ya kuifanya ngozi iitengeneze, na ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi hata kiangazi. Mpe matone yenye mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku. Wewe kunywa mikrogramu 10, na kwa rangi yetu na mtandio wako, kunywa mwaka mzima. Chupa ikiandikwa IU, mikrogramu 10 ni 400. Angalia pia dozi ni matone mangapi: zipo chupa ambazo tone moja ndiyo dozi nzima, na aliyezoea kudondosha matano atampa mtoto mara tano bila kujua. Matege hayabagui mtoto mnene. Huanza kwa kuchelewa kusimama na vifundo vya mikono kuvimba.

Akishakaza shingo, mbebe mgongoni bila kuona haya. Mbeleko inayomtanua mapaja hukiweka kichwa cha paja ndani ya kikombe chake cha nyonga. Kinachodhuru ni kumviringisha miguu ikiwa imenyooka na kubanana.

Kwa upande wako, mifupa huacha kujiongezea akiba karibu na miaka 30, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuilinda. Mwenye kunyonyesha hupoteza kiasi, kisha mfupa hurudi baada ya kuachisha ziwa. Unahitaji kalsiamu ya miligramu 1,000 hadi 1,250 kwa siku, na nyingi utaipata mezani: glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300, kopo dogo la sadini zilizoliwa na miiba yake linakaribia hapohapo au kupita. Dagaa nao wale wazima; ukiwatoa vichwa na miiba umetupa ulichokifuata. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini una oksaleti inayoishika kalsiamu isifyonzwe, hivyo usiuhesabu hapa. Sukuma wiki uihesabu. Ikibidi vidonge, usizidishe miligramu 500 kwa mkupuo mmoja, wala usivimeze pamoja na vile vya madini ya chuma. Viachanishe kwa saa mbili. Na mfupa haunenepi kwa chakula peke yake, unataka kubebeshwa uzito: ngazi, kuruka kamba, mizigo. Kuogelea kunafaa moyo, mfupa hakuugusi sana. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwambie daktari wako, maana hupunguza uzito wa mfupa mpaka uiache.

Sasa bibi yako. Alivunjika kifundo cha mkono mwaka jana kwa kujikwaa tu akiwa amesimama. Kwa mtu wa umri wake, kuvunjika kwa namna hiyo huashiria kwamba mifupa imeshakuwa myepesi, na hapo kalsiamu ni msaidizi, haiwi dawa. Eksirei ya kawaida haifai kwa kupima hili, kwani huonyesha wepesi wa mfupa ukiwa umekwenda mbali. Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA, hupima nyonga na uti wa mgongo. Jibu hulinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya; likiwa -2.5 au chini ya hapo, mifupa imedhoofu. Kabla ya dawa wampime figo na vitamini D, na waangalie meno.

Dawa inayoanzwa mara nyingi ni alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Ni kwa wiki, si kwa siku. Watu hukosea palepale asubuhi, wakati wa kukimeza. Anatakiwa akimeze akiwa hajala, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akae wima au atembee nusu saa nzima kabla ya kutia kitu kinywani. Akikisukuma kwa chai ya maziwa, kalsiamu ya maziwa inakishika na tumbo halipati kitu. Akirudi kujilaza, kinaganda kooni na kuuchoma umio. Unamjua bibi na chai yake ya alfajiri. Nitachagua Ijumaa na nitasimama pale mwenyewe.

Hata hivyo kinachowamaliza wazee ni kuanguka. Usiku huamka kukojoa mara mbili tatu, dawa ya presha imemlegeza, balbu ya uani imekufa, miguuni ana kandambili zilizolika. Akianguka, mguu ukaonekana mfupi na wayo umegeukia nje, hiyo ni nyonga. Asikandwe, asisimamishwe, apelekwe hospitali kubwa yenye upasuaji wa mifupa siku hiyohiyo. Upasuaji ukifanyika ndani ya saa 48 ana nafasi nzuri. Akilazwa chali kwa wiki, vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na damu kuganda ndivyo vinavyomchukua. Najua baba zako wadogo watataja mganga wa kuunga mifupa. Banzi lililokazwa mno huzuia damu, na watu wamekatwa viungo kwa hilo.

Magoti yangu usiyahangaikie kwa kalsiamu, kwani kilicholika ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute hausukumwi ukikaa. Dawa yangu ni kusimama na kukaa kitini bila kushika kitu, mara 10, kwa awamu tatu, asubuhi na jioni, pamoja na kupunguza mwili: kilo moja ikitoka, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua. Fimbo naishika mkono wa upande wa goti lenye nafuu, mshikio ukifika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa presha yangu siigusi kiholela, na zile unga za maungo zinazouzwa stendi sizitaki kabisa; nyingine huchanganywa steroidi, mtu anapata nafuu wiki moja huku uso unavimba na mifupa inaliwa kwa ndani. Goti likiwa jekundu, la moto, na homa juu, ni la daktari siku hiyohiyo.

Hela ya makopo nitumie, fundi aweke mshikio chooni na balbu ya uani. Bei ya DEXA nitaiulizia Jumatatu, nikutumie ujumbe.

Mama yako