Mnaoanza kazi ya madubwana, jifunzeni uzito kwanza

Wadogo zangu, wengi mkiingia karakana kwa mara ya kwanza macho yenu hukimbilia lile vazi la dubwana lililotundikwa ukutani. Nawaelewa. Mimi dada yenu nilitoka Tanga kwenda Tokyo kusomea utengenezaji wa mifano ya majengo, ile ambayo wasanifu huwaonyesha wateja kabla nyumba haijajengwa, nikaishia kwenye karakana inayojenga miji midogo kwa ajili ya filamu za kaiju, kama Wajapani wanavyoyaita madubwana yao. Miezi mitatu ya mwanzo sikuligusa vazi. Nilishika ufagio, msasa na ndoo ya plasta. Leo nashukuru, maana plasta ndiyo iliyonifundisha kwamba kazi yetu yote ni kumfanya mtazamaji ahisi uzito.

Anzeni na hesabu, hata kama shuleni mlikuwa mnaikimbia. Filamu ya kwanza ya Gojira, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Godzilla, ilitolewa na kampuni ya Toho tarehe 3 Novemba 1954. Dubwana lilipangiwa urefu wa mita 50, na mji ukajengwa kwa kipimo cha moja kwa 25. Gawanyeni wenyewe: mita 2, kimo cha mtu aliyevaa kichwa kingine juu ya kichwa chake. Wakati ule sheria haikuruhusu majengo ya Tokyo kupita mita 31, kwa hiyo dubwana la mita 50 liliyatazama mapaa ya Ginza, mtaa wa maduka wa Tokyo, kutoka juu. Mita 31 hizo, mezani kwetu, ni sentimita 124.

Sasa angusheni jiwe. Kutoka mita 31 litatumia sekunde mbili na nusu hivi kufika chini. Kutoka sentimita 124 ni nusu sekunde tu. Mtazamaji hana haja ya kujua fomula yoyote. Ameona embe na nazi zikianguka tangu utotoni, na jicho lake halidanganyiki. Ukuta mdogo ukianguka kwa mwendo wake wa asili, ataona kisanduku kimeangushwa na mtoto. Dawa ni kuipiga picha kwa kasi kubwa, kisha kuionyesha kwa kasi ya kawaida. Kanuni ni hii: chukua kipimo chako, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 24, yaani fremu, au picha moja moja, ambazo filamu ya kawaida huonyesha kila sekunde. Kipeuo cha 25 ni 5, kwa hiyo ni fremu 120 kwa sekunde. Si kila picha inahitaji 120 kamili, na mtaona mafundi wakipunguza kwa macho na uzoefu, lakini mpunguze mkijua mnachopunguza.

Hapo ndipo gharama inapoanza, na ningependa mlielewe hili kabla hamjalalamikia joto la studio. Fremu zikiwa mara tano, kila moja inapata mwanga kwa muda ulio moja ya tano. Lazima taa ziongezwe, na taa huleta moto. Mwaka 1954 mikanda ya filamu yenyewe haikuwa nyepesi kunasa mwanga kama kamera za leo. Haruo Nakajima, aliyecheza ndani ya Gojira, alikuwa chini ya taa hizo akiwa amevikwa mpira juu ya mianzi na waya. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kama kilo 100 na lilikuwa gumu kiasi kwamba alipiga hatua chache tu akashindwa. Halikutupwa. Lilikatwa, na sehemu ya chini ikatumika kwa picha za miguu, huku likitengenezwa jingine jepesi zaidi.

Vazi lenyewe halikuwa chaguo la kwanza. Eiji Tsuburaya, bingwa wa athari maalumu za filamu ile, yaani mbinu za kuonyesha yasiyoweza kupigwa picha kweli, alitamani kutumia mwanasesere anayesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kama Wamarekani walivyofanya na sokwe wao King Kong mwaka 1933. Alipopiga hesabu akaona ingemchukua miaka 7. Hakuwa nayo, picha zilianza kupigwa majira ya joto na filamu ikatoka Novemba mwaka huohuo. Nawaambia hili kwa sababu kuna vijana wanaoliona vazi kama njia ya maskini. Mimi naliona kuwa bahati. Mwanasesere hana uzito wake mwenyewe, lazima umwigizie kila hatua, lakini mtu aliyebeba makumi ya kilo anapotua mguu, goti lake husema kweli. Nakajima hakuridhika na uzito wa vazi peke yake. Alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Ueno kutazama dubu na tembo wanavyotembea. Nanyi nendeni. Mkifika, achaneni na sura, mtazame mguu kabla haujatua na mara tu baada ya kutua.

Niwaeleze kosa langu, kwa kuwa nimeona kila mwaka mtu akilirudia. Nilipewa jengo la ghorofa nne la kuvunjwa, kitu kidogo tu pembeni mwa fremu. Nililijenga kwa moyo wote. Gundi ya mbao kila pembe, ukuta wa plasta wenye unene wa kidole, madirisha yamenyooka kama rula. Walionizunguka walilisifu. Siku ya kupiga picha, mchezaji akalipiga teke, na jengo langu lote likateleza sentimita 30 juu ya meza likiwa zima, kama kabati linalosogezwa na wahamaji. Moshi ulikwisha kupulizwa, kamera zilikuwa zinakimbia, na barabara nzima ya mbele ilikwisha kuharibiwa kwa ajili ya picha hiyo moja. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alikuja akagonga ukuta kwa ukucha, akausikiliza, akaondoka.

Usiku ule nilianza upya. Jengo la kuvunjwa linajengwa kinyume na nyumba ya kukaa. Plasta iwe nyembamba, na kwa ndani uichore mistari kwa kisu mahali unapotaka ipasuke. Mistari isilingane, ikilingana, ukuta utakatika kama chokoleti. Weka sakafu za ndani, kwa maana jengo lililo tupu likifunguka linaonekana boksi. Weka vumbi laini juu ya kila sakafu ili liruke ukuta unapoachia. Vipande vikubwa vinaonyesha udogo wa jengo, kwa hiyo hakikisha vingi vinatoka vikiwa chembe. Kisha jenga mawili, moja la kujaribia.

Nguzo za umeme za filamu ile ya 1954 ni somo jingine ambalo sichoki kulirudia. Zilitakiwa ziyeyuke kwa pumzi ya moto ya dubwana. Mafundi walizitengeneza kwa nta, wakazipulizia hewa ya moto chini ya taa kali, zikajikunja zenyewe. Taa zilizomtesa Nakajima hapa zikafanya kazi ya fundi. Na kwa kuwa tunasema umeme: waya wa kweli wenye unene wa sentimita moja, kwa kipimo chetu, ni milimita 0.4. Kamba ya viatu haitafaa. Lenzi nayo ishushwe hadi sentimita 6 au 7 kutoka barabarani, maana ndipo yalipo macho ya mtu mzima katika mji huo. Ukiinua kamera hadi kiunoni mwako, umekuwa jitu wewe, na dubwana limekuwa mwenzako.

Kuhusu maji nitasema kidogo tu. Tone la maji halikubali kupunguzwa. Ni lilelile kwa meli ya kweli na kwa kimeli cha karatasi, na ndiyo maana vimeli vidogo hujisaliti. Wenye kompyuta nao wanahangaika hapohapo. Filamu ya Godzilla ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Takashi Yamazaki ilifanywa na wasanii 35 wa athari za picha, vipande vya picha 610 kwa jumla, ikapata Oscar ya athari za picha Machi 2024. Tazameni bahari yake. Hakuna plasta pale, lakini wamehangaikia uzito uleule.

Jambo ninalotaka mlibebe kwa heshima ni hili. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini katika Bahari ya Pasifiki, na majivu yake yenye mionzi yakaishukia mashua ya wavuvi wa Kijapani iitwayo Daigo Fukuryū Maru, yenye watu 23. Mmoja wao, mtu wa redio, alifariki Septemba. Filamu ilitoka Novemba, nayo inaanza na mashua inayoteketea baharini. Mwongozaji wake, Ishirō Honda, aliporudi kutoka vitani alipita Hiroshima akaiona kwa macho yake. Waliokaa ukumbini walikuwa wameona miji yao ikiungua miaka tisa tu iliyotangulia. Katika filamu ile kuna hospitali iliyojaa majeruhi, na mtoto anapimwa mionzi huku daktari akitikisa kichwa.

Kwa hiyo mkipewa nyumba ya kuvunja, mweke mtu aliyekuwa akiishi humo. Nguo kwenye kamba ya kuanikia. Baiskeli mlangoni. Kalenda ukutani, hata kama kamera haitaiona. Niliyefanya naye kazi meza moja alikuwa akishona vipande vya pazia vya ukubwa wa stempu, kila dirisha rangi yake, na ukuta ulipobomoka pazia moja jekundu lilibaki likipeperuka kwenye vumbi. Watu tuliokuwa nyuma ya kamera tulinyamaza, na hakuna aliyekuwa ameambiwa anyamaze.

Siku moja hatimaye mtakabidhiwa vazi, lakini si kulivaa. Mtawekwa nyuma yake. Mchezaji huingilia mgongoni, kisha mgongo unafungwa, na yeye hawezi kuufungua mwenyewe. Haoni vizuri, hasikii vizuri, na jasho linamwingia machoni. Mkubaliane ishara kabla hajaingia, kwa mfano mkono wa kushoto ukitikiswa mara mbili. Mpe maji ya kutosha mapema. Ukisikia “kata”, usiangalie jengo limevunjikaje, wala usikimbilie kwenye skrini kama wenzako. Nenda mgongoni, fungua, umwachie hewa iingie. Na ukiwa wewe ndiye mwenye zipu siku hiyo, chai utakunywa baadaye.