Mita ikisoma sifuri, bado usiguse

Acha. Usiufungue huo mlango wa transmita, mtambo wa kurushia matangazo, kwa mpango ulioandika. Umesema utazima transmita, utasubiri dakika tano, na mita ya volti kubwa ikishuka hadi sifuri utaingiza mkono ubadilishe vali, ile taa ya elektroni inayokuza mawimbi. Kisha ukauliza glovu zipi zinafaa. Mimi nilifuata mpango huohuo, na kovu liko kwenye kiwiko changu cha kulia mpaka leo.

Ilikuwa transmita ya FM ya vali, volti 7,000 kwenye anodi (ncha ya vali yenye volti kubwa), na kapasita ya kuchujia, kifaa kinachoweka chaji hata umeme ukizimwa, ya mikrofaradi 8. Ilikufa ghafla, nikaitwa. Nikashusha swichi kubwa, nikaitia kufuli, nikasubiri. Mita sifuri. Nikaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa kabati la chuma la transmita, nikapeleka bisibisi kwenye skrubu ya kapasita, vidole vimeteleza mpaka kwenye chuma. Mlio waliusikia wenzangu, mimi sikuusikia. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mkono umekufa ganzi. Umeme uliingilia vidoleni ukatokea kiwikoni. Kama ningekuwa nimeshika kabati kwa mkono wa kushoto, ungepita kifuani.

Piga hesabu: nusu ya faradi za kapasita (hapa mikrofaradi 8), mara volti, mara volti tena. Unapata juli 196. Mashine ya kushtulia moyo hospitalini hutoa kiasi kama hicho.

Kwa nini mita ilisoma sifuri? Aliyeikarabati kabla yetu alikuwa amehamisha mita, pamoja na rezista ya kumwagia chaji, akaviweka upande wa pili wa fyuzi ya volti kubwa. Fyuzi hiyo ndiyo iliyokuwa imekatika. Yaani hitilafu niliyoitwa kuitengeneza ndiyo iliyoificha chaji: kapasita imejaa pomoni, haina pa kumwagia, na mita inapima upande usio na kitu. Tena ilikuwa sifuri hata kabla sijazima! Niliiona kwa macho yangu na sikujiuliza.

Na fundi mkuu aliyenifundisha, huyo bado nina hasira naye. Miaka miwili ananiambia "mita haidanganyi". Fimbo ya ardhi, ile yenye mpini usiopitisha umeme, ncha ya chuma na waya wa kumwaga chaji ardhini, ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, ina vumbi, waya wake umeachia kwenye kibanio, naye anatundikia koti. Hakuna hata siku moja niliyomwona akiishika kwa kazi yake. Mtu mzima, mwenye vijana chini yake!

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: fimbo kwanza, mkono baadaye. Kagua waya wa fimbo kutoka ncha hadi kibanio, ubane kibanio kwenye ardhi ya kabati kabla ya kitu kingine chochote. Ndipo uguse kila ncha ya kila kapasita, pande zote mbili za fyuzi, halafu anodi. Usiguse ukaondoa. Iache imening'inia palepale mpaka umalize kazi, kwa sababu kapasita kubwa iliyomwagwa chaji mara moja hujirudishia volti yenyewe. Chaji iliyojificha ndani ya kihami, lile tabaka la kapasita lisilopitisha umeme, hutoka polepole, na baada ya dakika chache inaweza kukurusha tena. Swichi ya mlango usiitegemee, hiyo hukata umeme unaoingia tu, chaji iliyokwisha kuingia haiihusu. Wala usichomeke mita yako ya mkononi ya volti 1,000 kwenye volti 7,000 eti uhakikishe, itakulipukia usoni.

Glovu? Hizo haziondoi chaji ndani ya kapasita. Fimbo ndiyo huiondoa. Na awepo mtu wa pili anayejua swichi kubwa iko wapi na anayejua kukandamiza kifua.

Kesho kabla hujaanza, itoe hiyo fimbo, upime ukinzani wa waya wake kwa omu, uniambie umesoma ngapi. Kama kituo chenu hakina fimbo, vali isubiri.