Jinsi ya kuifuatilia historia ya Barangay Ginebra bila kuchanganya majina, mataji na miaka

Ukifanya kazi na Wafilipino Dubai, Doha au Muscat, jina la Ginebra utalisikia mapema sana. Ndiyo timu inayopendwa kuliko zote katika PBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Ufilipino iliyoanza Aprili 1975, kongwe kuliko ligi zote za kulipwa za mchezo huo barani Asia. Tatizo linakuja ukitaka kuisoma historia yake. Unafungua orodha ya mabingwa, unahesabu kila mahali palipoandikwa Barangay Ginebra, unapata mataji 11. Mfilipino aliye jirani yako anakwambia ni 15, na yeye ndiye aliye sahihi.

Hesabu inapotea kwa sababu timu za PBA si za miji. Ni za makampuni, na kampuni huipa jezi jina la bidhaa inayotaka kuiuza mwaka huo. Hazina hata uwanja wa nyumbani: zote huchezea kumbi zilezile za Manila na vitongoji vyake, hasa Araneta Coliseum ya Quezon City na Mall of Asia Arena ya Pasay, pamoja na safari za mikoani na mara chache nje ya nchi, Dubai ikiwemo. Kwa hiyo usitafute mji wala uwanja. Kitu kinachodumu ni leseni ya kucheza ligi. Shika leseni, halafu andika pembeni majina yote iliyowahi kuyavaa.

Leseni hii ilianza 1979 mikononi mwa La Tondeña, watengenezaji wa pombe kali, na timu ikaitwa Gilbey's Gin. Kufikia 1985 ilikuwa Ginebra San Miguel. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa Añejo Rum 65, ikarudi Ginebra, katikati ya miaka ya 1990 ikawa Gordon's Gin, na mwaka 1999 ndipo neno Barangay likaingia. Sasa gawa mataji kwa majina hayo: Ginebra San Miguel mawili (1986 na 1991), Añejo Rum moja (1988), Gordon's Gin moja (1997), na Barangay Ginebra 11 kuanzia 2004 hadi Januari 2023. Hapo 15 inatimia.

Kosa la pili ni baya zaidi, na hata waandishi wa michezo hulifanya. San Miguel iliinunua La Tondeña mwaka 1987, na tangu hapo kampuni hiyo ina timu zaidi ya moja ndani ya ligi moja. San Miguel Beermen ni leseni nyingine kabisa, ndiyo pekee iliyobaki kati ya zile za mwaka 1975. Mwaka 2001 San Miguel ikainunua Pure Foods, ikapata timu ya tatu, hii inayoitwa Magnolia leo. Ukiona neno San Miguel au San Mig kwenye orodha, simama kwanza uulize ni leseni ipi. Kutwaa makombe yote matatu ya msimu kumetokea mara tano tu katika PBA: Crispa 1976 na 1983, San Miguel Beer 1989, Alaska 1996, na San Mig Super Coffee 2014. Hakuna hata moja la Ginebra. Wengi huipa lile la 2014 kwa sababu kocha alikuwa Tim Cone, na Cone ndiye aliyekuja kuinoa Ginebra kuanzia 2015. Lakini lile taji ni la leseni ya Purefoods, ile inayoitwa Magnolia leo, mpinzani mkubwa wa Ginebra, na mashabiki wa pande zote mbili watakurekebisha kabla hujamaliza sentensi.

Baada ya majina, jifunze kusoma makombe. Msimu wa kawaida wa PBA una mashindano mawili au matatu, kila moja na bingwa wake, na kinachoyatofautisha ni mchezaji wa kigeni. Kombe la Philippine, ambalo zamani liliitwa All-Filipino, haliruhusu mgeni hata mmoja. Kombe la Commissioner's huruhusu mgeni mrefu: kwa misimu kadhaa kikomo kilikuwa karibu futi 6 na inchi 10. Kombe la Governors' humwekea mgeni kikomo kifupi zaidi: mwaka 2016 kilikuwa futi 6 na inchi 5. Kikomo hubadilika, kwa hiyo andika cha mwaka husika, usichukue cha leo ukakirudisha nyuma. Fiesta Conference ya miaka ya 2000 nayo ilikuwa na wageni. Na mwaka 1986, Ginebra ilipotwaa taji lake la kwanza, timu ilikuwa na wageni wawili: Billy Ray Bates na Michael Hackett. Kulilinganisha taji hilo moja kwa moja na lile la 1988, lililotwaliwa na Wafilipino watupu dhidi ya Purefoods yenye chipukizi Alvin Patrimonio na Jerry Codiñera, ni kulinganisha kazi mbili tofauti. Kwa maoni yangu la 1988 ndilo gumu zaidi katika enzi ile, na linasahaulika kwa sababu tu jezi iliandikwa jina la rum.

Tarehe nazo zinataka uangalifu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 msimu ulikwenda sambamba na mwaka wa kalenda. Kuanzia msimu wa 2004–05 ukaanza kuvuka mwaka, na baada ya janga la korona ratiba ikayumba zaidi. Kombe la Governors' la 2019 lilimalizika Januari 2020. La 2021 lilimalizika Aprili 2022. Kombe la Philippine la 2020 lilichezwa lote kwa kujitenga huko Pampanga, na Ginebra ikaifunga TNT 4–1 mwezi Desemba. Ukipanga mataji kwa tarehe ya mchezo wa mwisho bila kuandika jina la kombe, mwaka 2020 utaonekana una mataji mawili ya Ginebra na 2019 hauna kitu, halafu utadhani umekosea kuhesabu. Tumia safu mbili: mwaka wa kombe, na siku lilipoamuliwa.

Kwa takwimu za wachezaji, kumbuka kwamba PBA hucheza robo nne za dakika 12, yaani dakika 48, wakati mashindano ya kimataifa ni dakika 40. Mstari wa pointi tatu uliingia 1980, kwa hiyo msimu wa kwanza wa Gilbey's Gin haukuwa nao. Mwaka 2024 ukaongezwa mstari wa pointi nne, futi 27 kutoka kwenye kikapu. Zile pointi 103 alizofunga Hackett katika mchezo mmoja mwaka 1985, na 105 ambazo Tony Harris wa Swift aliwafunga Ginebra wenyewe huko Iloilo mwaka 1992, zisomwe zikiwa ndani ya kanuni na kasi ya wakati wake. Ndiyo enzi ambayo mgeni alikuwa akipewa mpira karibu kila shambulizi.

Sasa tuje kwa Robert Jaworski. Hapa ile kanuni ya leseni haitoshi peke yake.

Ligi ilipoanza, nchi iligawanyika kati ya Crispa na Toyota, na Jaworski alikuwa nguzo ya Toyota. Mwaka 1984 Toyota iliuza leseni yake, timu ikawa Beer Hausen. Jaworski na mwenzake Francis Arnaiz walikataa kuhamishwa pamoja na leseni kama samani za ofisi, wakaenda Gilbey's Gin. Mataji ya Toyota yakabaki na historia ya leseni ile iliyouzwa. Mashabiki wakaondoka na Jaworski. Ukitaka kujua kwa nini Ginebra ina umati kuliko timu zilizoizidi kwa makombe, jibu liko kwenye uhamisho huu. Kwa hiyo fuata nyuzi mbili: leseni kwa ajili ya mataji, Jaworski kwa ajili ya watu. Anayefuata uzi mmoja tu huishia kuihesabia Ginebra makombe ya Toyota, au kushindwa kabisa kueleza umati umetoka wapi.

Mwaka 1985 akawa kocha huku akicheza. Mwaka huohuo, katika mchezo dhidi ya Northern Consolidated, alipigwa kiwiko mdomoni na Jeff Moore, akatolewa, akashonwa nyuzi tisa. Timu ilikuwa nyuma. Akarudi uwanjani, ukumbi ukalipuka, na Ginebra ikageuza matokeo ikashinda. Msemo wa kutokukata tamaa ambao mashabiki wa Ginebra huuimba hadi leo mizizi yake iko kwenye usiku ule. Alibaki kocha wa Ginebra hadi 1998, mwaka aliochaguliwa kuwa seneta, akiacha mataji manne: 1986, 1988, 1991 na 1997. Jezi namba 7 haivaliwi tena.

Usiisome enzi yake kwa mapenzi tu, ukayaacha machungu. Kwenye fainali ya First Conference (shindano la kwanza la msimu) ya 1990 dhidi ya Shell, mchezo wa sita, Añejo ilipinga uamuzi wa faulo ikatoka uwanjani. Shell ikawa bingwa, na Añejo ikatozwa faini ya peso 550,000. Ukiliruka tukio hili, fainali ya mwaka uliofuata itakuwa kama fainali nyingine yoyote. Ilikuwa Shell tena. Ginebra ikawa nyuma 1–3, ikasawazisha, na katika mchezo wa saba Rudy Distrito akafunga kikapu cha ushindi mwishoni kabisa. Soma 1990 na 1991 kama habari moja yenye sehemu mbili.

Baada ya 1997 timu ilikaa hadi 2004 bila kombe, kisha ikatwaa manne kwa haraka ikiwa na Mark Caguioa, Jayjay Helterbrand na Eric Menk: Fiesta ya 2004, Philippine ya 2004–05, Philippine ya 2006–07 na Fiesta ya 2008. Halafu ukame wa miaka minane. Hapo usipoteze muda na kila msimu. Angalia usajili: Greg Slaughter, chaguo la kwanza kwenye uteuzi wa wachezaji wapya (draft) wa 2013, na Scottie Thompson, chaguo la tano 2015, ambaye baadaye alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Ongeza ujio wa Cone, na utaona timu ya 2016 ilivyojengwa.

Mgeni aliyepangwa kwa Kombe la Governors' mwaka huo alikuwa Paul Harris. Akaumia katika mchezo wa kwanza, na mbadala wake akawa Justin Brownlee. Mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Meralco, Oktoba 19, ulikuwa 88–88 sekunde za mwisho. Brownlee akapokea mpira nje ya mstari wa pointi tatu, akarusha, saa ikaisha, 91–88. Kama utatazama video moja tu ya timu hii, iwe hiyo, na usiizime mpira unapoingia. Watazame watu wa majukwaani. Brownlee alitwaa makombe sita na Ginebra, akapewa uraia Januari 2023, na Oktoba mwaka huo akaiongoza Ufilipino, chini ya Cone, kutwaa dhahabu ya Michezo ya Asia huko Hangzhou, ya kwanza tangu 1962. Makombe hayo sita usiyachanganye na saba ya kipindi hicho: lile la Philippine la 2020 lilikuwa la Wafilipino peke yao.

Kwenye daftari lako, mstari wa 15 uandike hivi: Kombe la Commissioner's la 2022–23, limeamuliwa Januari 15, 2023, mchezo wa saba, Philippine Arena ya Bocaue, 114–99, watazamaji 54,589, rekodi ya ligi. Safu ya mpinzani iwekee alama, kwa sababu Bay Area Dragons wa Hong Kong walikuwa wageni waalikwa wasio na leseni ya PBA. Ukija kuwatafuta kwenye historia ya leseni za ligi hutawaona.