Kompyuta niliyounga mwenyewe inajizima nikiwa kwenye gemu, ninunue RAM au kadi?

SWALI: Fundi habari, nimeunga kompyuta mwenyewe mara ya kwanza, kila kitu kipya isipokuwa pawa saplai ya wati 650 niliitoa kwenye mashine yangu ya zamani. Nikiwa naandika au naangalia video haina shida kabisa, ila nikifungua gemu dakika kama kumi hivi inazima pap alafu inawaka yenyewe, skrini ya bluu haitokei. Event Viewer (daftari la matukio la Windows) inaandika kosa la Kernel-Power 41. Windows nimepiga upya mara mbili, bado. Nianze kununua RAM au kadi ya grafiki?

JIBU: Usinunue chochote kwanza, weka hela mfukoni. Hiyo 41 imeshapotezea watu wengi sana muda, maana yake ni kwamba Windows imewaka ikakuta mara ya mwisho haikuzimwa vizuri, basi, nani kaizima haijui. Kwahiyo kupiga Windows upya hapa ni kumpaka dawa asiyeumwa.

Kinachosema ukweli ni namna mashine inavyokufa. Skrini ya bluu yenye namba za kosa tofauti tofauti kila mara, leo hii kesho ile, mimi huwa naanzia kwenye RAM. Picha ikianza kuchanika au kutoa vidoti vya rangi, naangalia kadi. Lakini yako inakatika ghafla bila bluu, yaani Windows haikupata hata nafasi ya kuandika lolote, na inakatika pale tu mzigo unapopanda, hapo umeme ndio mtuhumiwa wangu wa kwanza na joto la pili.

Umeme nitakaa nao kidogo kwasababu wengi wanahesabu wati kwenye boksi wanaona zinatosha wanapita. Kadi za siku hizi zinavuta umeme kwa kuruka, kwa sekunde kidogo sana inaweza kuvuta zaidi sana ya kile kilichoandikwa, na pawa saplai iliyozeeka kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani) zimechoka haiwezi kuhimili huo mruko, voltiji inashuka, madabodi inaona umeme si salama inarestati. Jaribio la bure kabisa: ingia kwenye programu ya kadi yako, shusha kikomo cha umeme mpaka asilimia 70 hivi, na gemu ifunge kwenye fremu 60 kwa sekunde, alafu cheza saa nzima. Ikitulia, umeshajua tatizo liko upande wa umeme au joto na hujatoa hata senti.

Angalia na kebo. Kama kadi yako ina tundu mbili za pini 8, ipe kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, usitumie ile moja yenye vichwa viwili. Na ile ya prosesa, iliyo juu kwenye kona ya madabodi, isukume mpaka usikie imelia. Kuna mashine ya mteja nilikaa nayo siku tatu, nimebadili RAM, nimebadili kadi, kumbe hiyo kebo ilikuwa imeingia nusu! Tangu siku hiyo naanza na mkono kabla ya programu yoyote.

Joto ni rahisi, washa HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la mashine, iache irekodi kwenye faili huku unacheza, ikishazima fungua faili uangalie mistari ya mwisho. Prosesa ikiwa inagonga nyuzi 95 au 100 fungua kifaa cha kupozea, hasa uangalie kama ile nailoni ya chini, inayofunika sehemu inayogusa prosesa, uliitoa, wengi wanaisahau na si aibu.

RAM bado haijaachiwa. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka, uzime XMP au EXPO, maana ile ni kuongeza spidi ya RAM kuliko ya kawaida hata kama imeandikwa kwenye pakiti, na kama ni vijiti viwili viwe sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kwenye madabodi nyingi ndio mahali pake. Alafu weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, iache usiku kucha. Kosa hata moja tu ni baya, usijiambie ni dogo.

Ila ndugu yangu, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndio uende kingine. Ukibadili vitatu kwa pamoja ikapona hutajua kilichokuwa kinaumwa, na ikirudi utaanza sifuri.

Na ikithibitika ni pawa saplai ukanunua nyingine, toa kebo ZOTE za zamani, hata kama vichwa vinaingia vizuri. Upande wa kadi na madabodi pini zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila modeli inaweza kuwa na mpangilio wake, voltiji 12 ikaenda palipotakiwa 5 na diski zako zikaungua sekunde hiyo hiyo unapobonyeza swichi.