Usipige lipu ya saruji kwenye ukuta wa udongo

Dada yangu, umeuliza kama nyumba ya udongo na makuti itadumu hapo Pangani, maana fundi anakushawishi upige lipu ya saruji nje ili mvua isile ukuta. Kwa hilo naomba usimsikilize. Saruji haipumui. Unyevu ukipanda toka chini au ukipenya kwenye ufa, unanaswa nyuma ya lipu. Udongo unalainika taratibu huku kwa nje unaona ukuta mzima. Nyumba ya mama yangu iliharibika hivyo. Tulipogonga lipu ililia kama debe tupu, ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake fito zilikuwa unga. Kandika kwa udongo, kisha malizia kwa chokaa.

Kinachozuia mvua ni msingi na upenu. Inua msingi wa mawe mpaka usawa wa goti, na makuti yatokeze karibu mita moja nje ya ukuta. Juu ya mawe hayo utaziona njia za mchwa mapema; zikwangue hapo hapo. Paa lisimame, nyuzi 45 hivi, maana makuti yakilala hayakauki upesi na huoza. Hata hivyo utayabadili kila baada ya miaka michache, kwa hiyo weka akiba.

Udongo upime: finyanga tonge, lianike kivulini siku kadhaa. Likipasuka, ongeza mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Na jiko, tafadhali, lijenge pembeni, mbali na makuti.