Leza ya petawati 4: umeme unatoka wapi, na kwa nini majirani wa Asia wanahitajiana

SWALI: Ndugu mhandisi, mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari mkoani Iringa. Kidato cha sita wamenibana. Mmoja wao amesoma kwamba Korea Kusini kuna leza ya petawati 4, nguvu inayozidi mitambo yote ya umeme duniani ikijumlishwa pamoja. Wanauliza: Wakorea wanautoa wapi umeme huo? Nilianza kueleza, nikakwama katikati. Halafu nasikia China, Japani, Korea na India wanashirikiana katika leza hizi, ilhali katika mambo mengine tunajua hawaivi chungu kimoja. Kitu kikali namna hiyo si silaha? Mtu anampaje jirani siri yake? La mwisho: kijana wa huku anaweza kufika kwenye kazi hiyo?

JIBU: Mwalimu, pole kwa kubanwa, ila kijana wako kasoma sawasawa. Umeme wote unaozalishwa duniani, ukiuchukua kwa wastani, ni terawati 3 na ushee (terawati moja ni wati trilioni moja). Petawati 4 ni terawati 4,000. Kwa hiyo leza ile inaizidi dunia mara elfu moja na zaidi, na hakuna aliyedanganya. Kinachotupiga chenga ni mazoea yetu ya kuchanganya nguvu na nishati tunapoongea mitaani. Nguvu ni nishati ukiigawanya kwa muda. Ukitaka nguvu kubwa una njia mbili: uongeze nishati, au uufinye muda. Wakorea wameufinya muda.

Tuiweke kwenye ubao. Leza hiyo iko Gwangju, na kazi nitakazozitaja zilifanywa na kituo kiitwacho CoReLS, cha Taasisi ya Sayansi za Msingi ya Korea. Mpigo wake mmoja una jouli 83 hivi. Taa ya wati 10 inakula jouli hizo kwa sekunde 8 tu. Lakini leza inazitoa zote ndani ya femtosekunde 19.4, na femtosekunde moja ni sekunde iliyokatwa vipande milioni bilioni. Gawanya 83 kwa muda huo, utapata petawati 4 na kidogo. Kwa mfano wa nyumbani: Bwawa la Nyerere, mitambo yake tisa yote ikizunguka, ni megawati 2,115. Bwawa hilo linatoa jouli 83 kwa nanosekunde 40 hivi (nanosekunde ni sekunde iliyokatwa vipande bilioni). Leza inatoa kiasi kilekile kwa muda mfupi mara milioni mbili. Kisha inapumzika. Mpigo unaofuata unakuja baada ya sekunde kama 10, kwa hiyo wastani wa mwanga unaotoka ni wati 8. Taa yako ya sebuleni inaishinda. (Mtambo wenyewe unakula umeme mwingi kuliko huo, kwa sababu kila hatua ina upotevu wake, lakini ni umeme wa kiwango ambacho jengo la kawaida la utafiti linaweza kulipia bili yake.)

Swali ambalo wanafunzi wako bado hawajauliza, na naomba uwachokoze waulize, ni hili: kwa nini mwanga mkali hivyo hauvipasui vioo vya leza yenyewe? Hadi miaka ya 1980 ulikuwa unavipasua, na kazi ilikuwa imekwama hapo. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester Marekani, walipata njia. Mpigo mfupi sana wa mwanga daima umechanganya rangi nyingi. Ukiupitisha kwenye kitu kinachozichelewesha rangi tofauti kwa viwango tofauti, nyekundu inatangulia na buluu inafuata nyuma, na mpigo unatanuka maelfu ya mara. Ukishatanuka unakuwa mpole, unaukuza ndani ya fuwele bila kuichoma. Mwishoni kabisa unaupitisha kwenye vioo vilivyochanjwa mistari zaidi ya elfu moja kwa kila milimita, nyekundu inasubirishwa, buluu inaikuta, na mpigo unarudi kuwa mfupi, safari hii ukiwa na nishati tele. Wawili hao walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2018, pamoja na Arthur Ashkin aliyekuwa na kazi nyingine.

Hata hivyo vioo vya mwisho vinaupokea mpigo ukiwa umeshafinywa, ndiyo maana mwale unatanuliwa kwa upana hadi kufikia sinia la pilau ili kila sentimita ya kioo ibebe mzigo mdogo. Chembe moja ya vumbi inatosha kuleta hasara. Katika maabara niliyojifunzia kazi, tulipoteza kioo cha bei mbaya kwa unyuzi wa sweta. Mwenye sweta hakuwa mimi, nashukuru.

Sasa ushirikiano. Hapa watu wengi huanza na maneno matamu kuhusu sayansi isiyojua mipaka. Mimi nitaanza na tatizo la kipimo, kwa sababu ndilo linalowalazimisha watu hawa kukaa meza moja.

Mwaka 2021 kundi la Gwangju lilitangaza kwamba limefikisha ukali wa wati 1.1 mara 10 kwa kipeo cha 23 kwa kila sentimita ya mraba. Ni rekodi. Walifanya hivyo kwa kuukusanya mwale wa upana wa sinia hadi kwenye nukta ya mikromita moja hivi, wakitumia kioo cha umbo la bakuli na vioo vingine vinavyojipinda kidogo kidogo kurekebisha kasoro za mwale. Lakini walijuaje kwamba ni 23 na si 22? Hakuna chombo unachoweza kukiweka pale kwenye nukta. Chochote utakachoweka kinageuka plazima, yaani gesi ya atomu zilizong'olewa elektroni, kabla kilele cha mpigo hakijafika. Kinachofanyika, pale Gwangju na kwingine kote, ni kuudhoofisha mwale, kuipiga picha nukta yake, kupima nishati pembeni, kupima muda pembeni, kisha kuzidisha na kugawanya. Yaani ile namba kubwa inayotangazwa ni hesabu, na hesabu hiyo inaegemea dhana kwamba mwale uliodhoofishwa na mwale kamili vinajikusanya kwa namna moja. Dhana nzuri, ila bado ni dhana.

Katika hali hiyo unahitaji shahidi wa pili, na mashahidi waliopo ni elektroni. Kuanzia ukali wa 10 kwa kipeo cha 18 hivi, elektroni ndani ya mwale hukimbia karibu na kasi ya mwanga. Juu zaidi zinaanza kufanya mambo ambayo vitabu vya kidato cha sita havina. Mwaka 2024 kituo hichohicho cha Gwangju kilichapisha jaribio ambalo leza moja ilirusha elektroni, na mwale mwingine ukazigonga uso kwa uso. Kila elektroni ilimeza fotoni (chembe za mwanga) za leza kwa mamia na kutema fotoni moja ya gama. Ukizisoma gama hizo vizuri, zinakusimulia ukali ulikuwaje pale kwenye nukta. Ila ili uzisome vizuri lazima uwe na nadharia iliyopimwa mahali pengine, kwa mashine isiyo yako, na watu wasio na haja ya kukupendelea. Kaka wa China anayekataa namba yako ana faida kwako kuliko rafiki anayeipigia makofi.

Jambo la pili ni kwamba mashine hizi hazifanani, na hakuna nchi yenye zote. Pale Osaka, Japani, kwenye Taasisi ya Uhandisi wa Leza, ipo leza ya LFEX, ambayo ilifikisha petawati 2 mwaka 2015 kwa njia iliyo kinyume na ya Gwangju: nishati nyingi sana, mpigo mrefu wa pikosekunde (pikosekunde ni femtosekunde 1,000). Vioo vyake vikubwa vinahitaji kupoa, kwa hiyo unapata mipigo michache tu kwa siku. Kizugawa, mkoani Kyoto, ipo leza ya J-KAREN-P inayopiga kila sekunde 10. Shanghai, taasisi ya SIOM ilifikisha petawati 10 mwaka 2017, na jirani na mtambo wao mpya wa eksirei uitwao SHINE wanajenga leza inayolengwa kufika petawati 100. Mumbai na Indore wana leza ndogo zaidi, na nisingewadharau: swali la jinsi joto linavyosafiri ndani ya plazima halihitaji petawati 10, unahitaji mipigo mingi na mkono uliotulia. Mtafiti mwenye swali moja anaweza kuhitaji mashine tatu katika nchi tatu. Anaandika maombi ya muda wa mashine, akipewa wiki mbili anapanda ndege na vigunduzi vyake ndani ya sanduku, na siku tatu za kwanza anazimaliza akitafuta adapta ya umeme. Nimezidisha chumvi kidogo. Siku mbili.

Kuna mtandao rasmi wa leza kali wa Asia unaoziunganisha nchi hizo nne ulizozitaja, na juu yake kuna kamati ya kimataifa iitwayo ICUIL ambayo mkutano wake hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2014 ulikuwa Goa, India. Mikutano ina kazi yake, lakini ushirikiano wenyewe unafanyika saa nane za usiku ndani ya chumba cha vidhibiti.

Kuhusu silaha. Leza ya kuangusha droni inataka wastani mkubwa, makumi ya kilowati mfululizo kwa sekunde kadhaa. Hii ya Gwangju ina wastani wa wati 8, na baada ya kufinywa haiwezi hata kusafiri hewani: mwale unaiharibu hewa na hewa inauharibu mwale, ndiyo maana njia yake yote ya mwisho imo ndani ya mabomba yenye ombwe. Leza yenye uhusiano wa wazi na silaha za nyuklia ni ya namna nyingine, kama NIF ya Marekani, ambayo sehemu ya kazi yake ni kuchunguza hali ya mabomu bila kuyalipua. Ile ina nishati ya megajouli 2 kwa mipigo ya nanosekunde. Ukilinganisha nguvu peke yake, Gwangju inaishinda NIF; ukilinganisha nishati, NIF ni mlima na Gwangju ni punje.

Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba hakuna siri. Zipo. Aina fulani za leza na vipuri vyake zimo kwenye orodha za bidhaa zinazodhibitiwa kuuzwa nje chini ya makubaliano ya Wassenaar. Wanachogawana wataalamu ni matokeo, mbinu za kupima na muda wa mashine. Namna ya kuotesha fuwele kubwa ya kukuzia mpigo, ya yakuti yenye titani, bila ufa, hiyo kila mmoja anaifumbata. Shanghai walijioteshea yao wenyewe, ya kipenyo cha milimita 235, na sidhani kama ilikuwa kwa kupenda kujichosha. Urafiki huu una mipaka iliyochorwa vizuri, na kwa maoni yangu ndiyo maana umedumu.

Kijana wako anaweza kuanza bila leza. Nusu ya kazi hii ni kuigiza plazima kwenye kompyuta, na programu wanazotumia wakubwa, EPOCH ya Uingereza na Smilei ya Ufaransa, zinapatikana bure. Kwa igizo la mhimili mmoja, kompyuta ya mkononi inatosha. Akimaliza shahada ya kwanza, jirani kabisa pale Kigali kuna taasisi ya fizikia iliyo chini ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, na Pretoria kuna African Laser Centre. Serikali ya Japani inatoa ufadhili wa MEXT ambao Watanzania huomba kila mwaka. Ushauri wangu amwandikie profesa anayemtaka kabla ya kuomba, tena aandike kuhusu makala moja ya profesa huyo aliyoisoma hadi mwisho.

Kesho darasani wape kazi hii. Chukua rimu ya karatasi 500, pimeni unene wake kwa rula, mpate unene wa karatasi moja. Kisha wakokotoe mwanga unasafiri umbali gani kwa femtosekunde 19.4. Huo ndio unene wa mpigo wa Gwangju: upana sinia, unene sehemu ya 17 hivi ya karatasi. Atakayekuja na jibu la mbali sana na 17, ahesabu upya sifuri zake.