Kabla Hujakubali Injini Ifunguliwe

Lori kuukuu likianza kugoma kuwaka asubuhi, likafuka moshi mweupe mpaka lipate joto, kisha likawa linaomba gia ndogo kwenye mwinuko liliokuwa likiupanda na mzigo bila wasiwasi, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "ovahoo", yaani injini ifunguliwe yote na vilivyochakaa vibadilishwe. Kwa sisi tunaobeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua kuleta Tabora mjini, neno hilo linaweza kula faida ya msimu mzima. Usilikubali mpaka uonyeshwe ni silinda ipi imepungukiwa kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, na hewa hiyo inatorokea wapi.

Kwanza hakikisha ni kompresheni kweli. Nozeli mbovu (ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda), hewa kwenye mfumo wa dizeli, hata betri iliyochoka inayozungusha stata kivivu, vyote huleta dalili hizo hizo. Kwa injini hizi za zamani zenye pampu ya kawaida, iache iungurume sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, kisha legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, kaza, nenda ya pili. Funika kwa kitambaa kinene na vidole viwe mbali, maana dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Silinda ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, hiyo ndiyo imelala. Hamishia nozeli yake kwenye silinda nyingine. Ubovu ukihama nayo, shukuru Mungu. Ukibaki palepale, tafuta geji ya kupimia kompresheni.

Geji iwe ya dizeli. Ya petroli mara nyingi huishia psi 300 (psi ni kipimo cha presha), na dizeli yenye afya hufika 400 au kupita. Pasha injini, toa nozeli zote, kata mafuta, piga stata. Halafu usibabaishwe na namba peke yake. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini ile ile itasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ikipimwa Dar es Salaam. Fundi anayeshika kitabu na kutangaza kwamba injini imekufa bila kukumbuka hilo, mimi simwachii spana. Cha maana ni kulinganisha silinda na silinda. Zikiwa zote chini sana, huo ni uchakavu. Ikiwa moja tu, ina shida yake. Mbili za jirani zikianguka pamoja, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kifuniko cha juu cha injini, imeungua katikati yao.

Kuna watakaokwambia umimine oili juu ya pistoni upime tena, ili ujue kama hewa inapita kando ya pistoni. Kwenye petroli sawa. Kwenye dizeli nafasi inayobaki juu ya pistoni ni finyu mno, oili yenyewe inapandisha geji na kukudanganya.

Kipimo ninachokiamini ni sikio. Weka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, tia gia na uzuie magurudumu kwa mawe, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha injini. Pitisha upepo wa kompresa kwenye tundu la nozeli. Ukivuma kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Kwenye ea klina, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi, au hedi ina ufa. Upepo mwingi kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi zinazozunguka pistoni na laina, yaani ukuta wa silinda. Kidogo pale ni kawaida hata kwa injini nzima.

Fuso moja tuliyokuwa tumeshaambiwa ifunguliwe mpaka chini ilivuma kwenye bomba la moshi tu. Tapeti, ile inayosukuma valvu, ilikuwa imebana, haina nafasi hata ya kupitisha fila (kibamba chembamba cha kupimia nafasi), valvu ikawa haikai vizuri mpaka ikaungua ukingo. Ilitoka hedi peke yake, valvu ikabadilishwa na nyingine zikasagwa. Pistoni hazikuguswa.

Ikiwa hewa inatoka kwa upande wa oili, basi ni kweli, injini inafunguliwa. Lakini kabla hujanunua ringi, vua mpira unaotoka ea klina kwenda kwenye injini, ingiza kidole ndani. Kikitoka na vumbi, kuna mahali mpira umepasuka au klipu imelegea, na vumbi la barabara zetu linasaga laina kila siku unayotembea. Mpira huo na klipu zake ndivyo uanze kuvinunua.